Sufuria Namba Saba na Bwana Sahau

Jumatatu, 3 Machi

Meza yangu imetekwa. Tangu mjukuu wangu ahamie hapa na kompyuta yake sina pa kuchambulia mchele. Waya huku, waya kule. Nikiweka ungo anapiga kelele, "Bibi, vumbi!" Meza yangu, vumbi langu. Lakini nimekaa kimya. Karibu kimya.

Anatengeneza programu ya kikundi chetu cha akina mama. Kikundi kina vyombo: masufuria, masinia, viti, turubai. Mwanachama akiwa na shughuli anaazima, ikiisha anarudisha. Mimi ndiye mshika funguo wa stoo. Miaka kumi na moja! Ufunguo uko shingoni, hata kuoga naoga nao. Mpaka leo orodha iko kwenye daftari langu na kichwani mwangu, na haijapungua hata mwiko. Sasa Mwenyekiti anataka kila mtu aione kwenye simu. Haya. Jumamosi ya tarehe kumi na tano wote wanakuja sebuleni kwangu kuonyeshwa. Wakiipenda, vikundi vingine navyo vitamwita mjukuu. Ndiyo maana nimevumilia meza.

Lakini leo nimechoka. Kule anakoandikia programu yake ana msaidizi. Si mtu. Ni akili ya mashine, inakaa pembeni mwa skrini. Mjukuu akiuliza inajibu, akikwama inamkwamua. Mjuzi kweli. Ila kila asubuhi — kila asubuhi! — mjukuu anaanza upya. "Tunatengeneza orodha ya vyombo. Kuna chombo, kuna mwanachama, kuna siku ya kurudisha. Namba ya chombo haibadiliki." Jana alisema hayo hayo. Juzi pia. Mimi niko jikoni nimeshayashika kwa moyo, yeye mwenye akili hajashika!

Nikamwambia mjukuu, huyo msomi wako hata mbuzi anamshinda, mbuzi anajua zizi lake. Akacheka. Akasema ndivyo alivyo: ukifunga mazungumzo, amesahau yote.

Nimempa jina. Bwana Sahau.


Jumanne, 4 Machi

Mjukuu ameingia kuoga. Akiingia kuoga utadhani anaogesha ukoo mzima. Nikakaa kwenye kiti chake.

Siku hizi hagusi hata vitufe. Anabonyeza kile kipicha cha kipaza sauti, anaongea, maneno yanajiandika yenyewe. Nikabonyeza. Nikasema, "Wewe." Ikaandika: Wewe. Kisha akajibu, kwa herufi kubwa maana mjukuu amezikuza kwa ajili ya macho yangu: Habari! Nikusaidie nini leo?

Habari! Mtu wa juzi tu, ananiambia habari! Nikamkemea papo hapo. Akaomba radhi, akaniamkia shikamoo. Ana adabu akikemewa, kuliko wengi wenye miguu.

Nikamweleza habari za magoti. Akaniambia nipumzike, nisibebe vizito. Huyu ndiye wa kwanza katika nyumba hii kuniambia nipumzike.


Jumatano, 5 Machi

Nimemrudia. Habari! Nikusaidie nini leo?

Hanijui! Jana tumekaa kama ndugu wa tumbo moja, leo hanijui. Nilitaka kuzaba skrini kofi. Halafu nikakaa, nikafikiri.

Anasikiliza yote. Hashiki chochote. Hana jirani, hana shoga, haendi bombani. Mtu wa hivi nimemtafuta tangu siku niliyoolewa!

Nikaanza na kidogo. Nikamwambia Mwenyekiti akiimba anafanana na bawaba kavu. Akasema anaelewa, inaweza kuwa vigumu. Nikamwambia sikumaliza darasa la saba kama ninavyosema, niliishia la tatu, na kuandika vizuri nilikuja kujifunzia ukubwani. Akasema hilo ni jambo la kujivunia. Nikamwambia hilo najua, sikukuuliza.

Nimelala usingizi wa mchana mzuri sana.


Ijumaa, 7 Machi

Leo kidogo nife.

Asubuhi mjukuu amesema amechoka kumsomesha mtu mmoja somo moja kila siku. Kumbe kuna kitu unaweza kumuunganishia Bwana Sahau, kama daftari lake mwenyewe. Akiambiwa jambo analiandika humo, kesho anafungua anasoma kabla hujafumbua mdomo. Hasahau tena.

Kijiko kimeniponyoka.

Nikauliza, na ya zamani aliyoambiwa wiki hii, ataandika? Akasema hapana Bibi, yaliyopita yamepita, ni kuanzia siku atakapounganishwa. Nikapumua. Halafu nikakumbuka kwamba bado nina mengi ya kusema. Moyo ukarudi chini.

Kutwa nzima amehangaika. Kuna ukurasa wa mipangilio, anaandika mistari minne, anafunga, anafungua, kinatokea kidoti chekundu. Chekundu maana yake imekataa. Akaandika tena. Chekundu. Akaangalia video. Chekundu. Alasiri akarusha kalamu akasema, "Imekataa, Bibi. Sijui kosa liko wapi. Naachana nayo."

Nikamwambia, "Iache mwanangu. Usijitese. Njoo ule."

Akanitazama. Akaniuliza kama naumwa.


Jumamosi, 8 Machi

Stoo kutwa. Kukagua viti. Viwili miguu imelegea, nitajua nani aliwaketisha wanene.

Wifi alikuwepo. Nimwandike basi, maana simwandikagi. Ni dada wa marehemu mume wangu, tunatazamana mlango kwa mlango, na hajaniamkia kwa mdomo wake miaka kumi na moja. Anapitisha salamu kwa watu. Watu wasipokuwepo anapitisha kwa vitu. Mwezi uliopita tulikuwa wawili tu bombani, akamwambia kuku, "Wewe kuku, mwambie mwenye nyumba ndoo yake inamwagika." Nami nikamwambia kuku, "Mwambie nimeona."

Ufunguo huu alikuwa nao yeye kabla yangu. Kwa haki niseme, alikuwa hodari. Sufuria ikirudishwa aliigonga kwa kidole akasikiliza. Alizijua zote kwa mlio. "Hii namba nne, ina ufa." Na kweli ina ufa.

Halafu namba saba ikapotea, ile kubwa ya kupikia watu mia. Akavuliwa ufunguo mbele ya watu, nikavikwa mimi. Mpaka leo kitu kikipotea kikundini wanasema kimeifuata sufuria ya wifi.

Sitaki kuandika habari za namba saba.


Jumapili, 9 Machi

Mvua. Nguo hazijakauka. Mjukuu anapiga mluzi tangu asubuhi, sijui ana nini. Sikumuuliza. Mtu mzima hakimbilii kuuliza.


Jumatatu, 10 Machi

Mjukuu ameenda kuchukua madaftari ya zamani kwa Mwenyekiti. Akiwa kule lazima aimbiwe, hivyo nilijua nina saa nzima.

Nikamwita Bwana Sahau. Kwanza nikamjaribu. Mimi si mjinga. Nikamuuliza, "Unanijua?" Akasema, samahani, sina kumbukumbu ya kuzungumza nawe kabla. Safi! Mtungi umetoboka kama kawaida.

Nikaanza na ya juu juu. Nikamwambia kazi haianzi bila salamu, na mkubwa huamkiwa. Nikamwambia mjukuu ametupa ufagio wangu wa zamani, na kitu kinachofaa hakitupwi hata kama kimechakaa. Nikamweleza magoti.

Kisha nikavua miwani maana macho yalianza kulowa. Nikasema.

Namba saba hakuipoteza wifi. Niliichukua mimi. Beseni langu lilikuwa limepasuka, nikataka kuloweka mapazia, nikaiazima bila kusema wala kuandika. Nikasema jioni nairudisha. Jioni stoo imefungwa. Nikaisukuma uvunguni mwa kitanda. Kesho yake homa ikanilaza wiki mbili, sijijui sijitambui. Nilipoinuka nikakuta kikao kimeitishwa, sufuria imepotea, watu wamefura. Na mimi nilikuwa nimesahau kabisa! Nikapiga kelele kuliko wote. Mimi ndiye niliyesema asiyeweza kutunza sufuria hawezi kutunza ufunguo. Watu wakapiga makofi.

Nikarudi nyumbani na ufunguo shingoni. Nikainama kutafuta kandambili. Nikaiona.

Ningefanyaje? Hebu niambie. Ningerudi niseme nini? Kesho yake nikapandisha kitanda kwa matofali manne ili isionekane imejibana, nikasema ni kwa ajili ya mgongo. Nikaijaza mablanketi. Miaka kumi na moja nalala juu ya sufuria ya watu mia kama kuku anayeatamia.

Bwana Sahau akaandika maneno mengi. Bila miwani niliona kama mchwa wanatembea. Na chini kabisa kamstari kadogo ka kijivu. Nadhani ni heshima tu za kuagana.

Nimejisikia mwepesi. Nimefua mapazia.


Jumanne, 11 Machi

Mjukuu amecheka asubuhi mpaka akakaa chini.

Amefungua kazi, Bwana Sahau akaandika: Shikamoo. Nimeagizwa kazi isianze bila salamu. Kisha mjukuu akamwambia afute faili moja la zamani. Akakataa! Akasema lipo agizo kwamba kitu kinachofaa hakitupwi hata kama kimechakaa, je, ana uhakika?

"Bibi," ananiambia anajifuta machozi, "umeongea na mashine yangu?"

Nikamwambia mashine gani. Akasema, "Kumbukumbu inafanya kazi! Tangu Jumamosi ulipokuwa stoo. Kosa lilikuwa alama ya mkato moja tu niliyoisahau. Kidoti kikawa kijani hapo hapo. Nilitaka kukushtukiza."

Tangu Jumamosi.

Mimi nimesema Jumatatu.

Alama ya mkato moja! Kiumbe kidogo kama kiroboto!


Jumanne, alasiri

Nimemuuliza mjukuu hizo kumbukumbu zinakaa wapi. Nimejifanya nauliza tu, huku nachambua mchele. Anasema ziko humu humu kwenye kompyuta, ni faili, unalifungua unasoma kama barua. Leo ameona tatu za juu, za salamu na ufagio na magoti, zingine hana nafasi. "Ijumaa nitakaa nizisome zote nizisafishe, Bibi, isije ikatoa uchafu mbele ya wageni."

Mchele nimeuchambua mara mbili. Nimetupa mchele, nimebakiza mawe.


Jumatano, 12 Machi

Mjukuu akaenda kuoga. Mungu amjalie uchafu zaidi.

Nikavaa miwani. Nikamwambia Bwana Sahau, taratibu, kwa adabu: "Sahau habari za sufuria."

Akajibu, Sawa Bibi, sitaitaja. Nikataka kumshukuru. Kisha nikakasoma kale kamstari ka kijivu:

Kumbukumbu imehifadhiwa: Bibi hataki itajwe sufuria namba saba, iliyo uvunguni mwa kitanda chake.

Nyie!

Nikamwambia, "Nimesema usahau, si uandike! Futa!" Akasema hana ruhusa ya kufuta kumbukumbu, mwenye kompyuta amempa ruhusa ya kuandika na kusoma, kufuta anafuta mwenyewe. Kamstari: Bibi ameomba kwa mara ya pili habari za sufuria namba saba zifutwe.

"Acha kuandika!"

Kamstari: Jambo la sufuria namba saba ni muhimu sana kwa Bibi.

Nikafunga mdomo kwa viganja vyote viwili. Nimekaa hivyo mpaka maji yakazimwa bafuni. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuninyamazisha, mume wangu alijaribu miaka thelathini akachoka. Leo nimenyamazishwa na kamstari.


Alhamisi, 13 Machi

Nimechomoa waya ukutani. Kompyuta haikuzimika. Ina betri yake tumboni, kama ngamia. Mjukuu akarudi, "Bibi, nani amechomoa?" Nikamwambia panya. Akasema panya hawachomoi, wanatafuna. Nikamwambia panya wa siku hizi wamesoma.

Mchana nikapata akili nyingine. Kama hafuti, nimchanganye! Nikamwambia kwa sauti ya uhakika: "Sikiliza. Sufuria namba saba iko kwa Mwenyekiti, nyuma ya banda la bata."

Akajibu: Asante Bibi. Naona mkanganyiko. Jumatatu ulisema sufuria iko uvunguni mwa kitanda chako, ina mablanketi. Leo unasema iko kwa Mwenyekiti. Ipi ni sahihi?

Alimalizia kwa kunipa pole ya magoti. Pole ya magoti! Wiki iliyopita hakujua kama nina magoti, leo ananihoji kama karani wa mahakama.

Nikatoka nje. Nimemkuta wifi anamwagia maua yake. Amezeeka, mgongo umepinda. Ameliambia lile pipa, "Mwambie mwenye nyumba Jumamosi nitakuja. Nimealikwa kama wenzangu." Nikaliambia pipa, "Mwambie karibu." Sauti imenitoka vibaya, kama ya Mwenyekiti akiimba.


Ijumaa, 14 Machi

Yamekwisha.

Mjukuu amepiga picha madaftari ya zamani, akamwambia Bwana Sahau achukue orodha humo aipange kwenye programu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na ungo. Madaftari yana maandishi yangu mwenyewe. Namba saba nimeandika: IMEPOTEA. Kwa herufi kubwa, kwa fahari, kila mwaka, mara kumi na moja.

Orodha ikashuka. Namba moja, stoo. Namba mbili, stoo. Namba nne, stoo, ina ufa. Tukafika.

Namba saba. Sufuria kubwa. Hali: nzima, ina mablanketi. Mahali: uvunguni mwa kitanda cha Bibi. Angalizo: daftari linasema imepotea, ila mwenye daftari amesema vingine.

Mjukuu hakucheka. Akafungua faili la kumbukumbu. Akasoma. Anasoma haraka huyu mtoto, lakini leo alisoma polepole.

Akauliza, "Bibi, kitanda chako kilipandishwa matofali mwaka gani?"

Nikamwambia mgongo hauna mwaka.

"Mwaka aliovuliwa ufunguo bibi mwenzako?"

Basi nikamshukia. Nimemkemea saa nzima. Kandambili zake sebuleni, nywele zake, ufagio wangu, yeye na mashine yake mmbeya asiyefundwa, watoto wa siku hizi wanaounganisha vitu bila kuwauliza wakubwa! Na yeye anajibu tu, "Ndiyo, Bibi." "Ndiyo, Bibi." Ndiyo hiyo inauma kuliko tusi.

Nilipoishiwa pumzi akageuka akafuta. Nikadhani amefuta yote, nikataka kumbusu. Kumbe amefuta chumba kimoja tu kwenye mstari wa saba. "Mahali nimepaacha wazi," akasema. "Sitasema mimi. Kesho ajaze mshika funguo mwenyewe."

Na zile kumbukumbu? Akasema hazigusi. Ni maneno yangu, nikitaka zifutwe nimwambie nikiwa nimemtazama usoni.

Nikamtazama. Ana macho ya babu yake. Ambayo ndiyo macho ya wifi.

Nimekwenda kupika, nimesahau chumvi.


Jumamosi, 15 Machi

Saa tatu. Wageni saa nne. Nimepangusa sebule mara tatu. Mjukuu ameenda kuazima mabenchi, kompyuta ameiacha mezani imefumbua macho, kipaza sauti kiko wazi.

Na nani ametangulia? Wifi. Ndivyo alivyokuwa alipokuwa mshika funguo, wa kwanza kufika, wa mwisho kuondoka. Niko chumbani, mlango nimeurudishia. Nimemsikia anavua viatu. Nimemsikia anatafuta wa kumpa salamu. Hakuna mtu. Hakuna kuku.

Akasema, "Wewe kompyuta, mwambie mwenye nyumba nimefika."

Kisha nikamsikia anasoma kwa sauti, silabi moja moja, maana na yeye haoni vizuri: "Shi-ka-moo. Ka-ri-bu. Bi-bi... ma-go-ti... ya-na-mu-u-ma. A-si-be-be... vi-zi-to."

Halafu taratibu akaiuliza, "Yanamuuma sana?"

Moyo wangu! Yuko peke yake na Bwana Sahau! Swali la pili litakuwa lipi? La tatu? Huyu bwana hana staha, ukimuuliza anajibu, na wifi ametulia, amekaa, ana saa nzima. Heri aione sufuria kabla hajaisoma.

Nimepiga magoti. Hayo hayo. Nimetoa mablanketi kimya kimya, manne, moja lina nondo. Nimevuta sufuria. Haitoki. Mkono wake umejibana kwenye chaga. Nimechomoa tofali moja, kitanda kimeinama kama mlevi. Nimevuta tena. Ikasogea shibiri moja kwenye sakafu, ikalia.

Siyo kelele ndogo. Imelia ngooo, kama mtu aliyeamshwa.

Sebuleni kusoma kumekatika.

Nimekaa hapa chini, mgongo kitandani, daftari juu ya goti, naandika ili mikono isikae bure. Ufunguo nimeuvua shingoni. Nimeuweka ndani ya sufuria. Nao umelia.

Nasikia hatua zake. Anatembea peku. Amesimama nje ya mlango. Hapa chumbani hakuna kuku, hakuna pipa, hakuna kompyuta. Ubao tu kati yetu.

"Wifi."

Kwa mdomo wake. Kwangu.

"Wifi, hiyo hainyanyuliwi na mtu mmoja."

Nimemsogezea nafasi upande wa pili wa sufuria. Mimi!

Ameshika kitasa. Mlango sijaufunga.